Bamba la Mwenyekiti

Bamba lenyewe lilikuwa zuri, hilo hata adui angekubali. Lilikuwa la chuma kisichoshika kutu, lenye kung'aa hata siku ambazo ukungu wa Tetu umeshuka ukalala juu ya majani chai. Herufi zake zilichongwa na fundi wa Nyeri mjini ambaye kazi yake ya kila siku ni misalaba ya makaburini, kwa hiyo alijua kuandika jina la mtu likaheshimika. Juu kabisa palikuwa na majina ya Mheshimiwa, yote manne, pamoja na cheo. Katikati tarehe, mstari wa Zaburi, na majina ya wanakamati kwa herufi ndogo za kubanana. Na chini kabisa, peke yake katika mstari wake, kwa herufi pana ambazo mtu asiye na miwani angezisoma akiwa barabarani: MWENYEKITI, NGATIA WA WAHOME.

Ngatia alikuwa mtu mzima wa miaka sitini na kitu, na hakuwahi kuliona jina lake limeandikwa mahali pa maana. Aligombea uenyekiti wa kituo cha kupimia chai, akaanguka. Akagombea wa josho la ng'ombe, akaanguka. Wa mradi wa maji alianguka kwa kura moja, na kura hiyo anaijua, ni ya shemeji yake. Uenyekiti wa kamati ya antena alipewa kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba antena itakuja. Ilipokuja, watu wakaanza kumsalimia kwa mikono miwili.

Tusimlaumu mapema. Kijiji cha Kiandemi kimejibanza kwenye mkunjo wa kilima, na netiwaki ilikuwa ikipita juu ya vichwa vyao kwenda kwa watu wengine. Phyllis, nesi wa zahanati, akitaka gari la wagonjwa alimwacha mama mwenye uchungu kitandani, akapanda kilima mbio hadi kwenye jiwe fulani, akasimama juu yake na simu mkononi akipiga kelele hadi apate mtu wa kumsikia. Ndipo Nduta, binti wa Ngatia, msaidizi wa maabara katika chuo kimoja mjini, akabuni dawa. Antena ndogo juu ya mlingoti inadaka netiwaki kutoka ng'ambo ya kilima. Antena ya pili, pana na bapa, inaimwaga bondeni. Chuo kikasema: ikifanya kazi, Nduta ataiandikia tasnifu ya shahada yake ya pili na kibarua chake kitakuwa kazi ya kudumu. Isipofanya kazi, kwaheri ya kuonana.

Ikafanya kazi, tena vizuri. Wazee walipiga simu kwa watoto wao waliokuwa chumba cha pili, kwa raha tu ya kuisikia ikiita. Halafu akaja Mheshimiwa kuizindua, na tangu siku hiyo simu zote za Kiandemi zikawa za kuangalia saa.

Sababu zilitolewa nyingi, kila mtu na yake. Wengine walisema Mheshimiwa aliondoka na netiwaki kwenye gari lake, maana alikuwa na simu tatu. Wengine wakasema ni yule mbuzi wa sherehe aliyechinjwa bila kuombewa. Lakini Wamae, naibu mwenyekiti, hakuwa na habari ya mbuzi. Wamae alikuwa na mkwe wake Karatina mwenye duka la vitu vya umeme.

"Hiyo antena ni bovu," alisema nje ya kanisa, akihakikisha Ngatia anasikia. "Kitu ilitengenezwa na msichana, ati mwanafunzi! Mimi simlaumu Nduta, ni mtoto wetu. Lakini kamati inakaa Alhamisi, tuandikie chuo barua waichukue, tununue ingine ya ukweli."

Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, ile huruma inayouma kuliko tusi. Ngatia alibana Biblia yake kwapani akaenda zake bila kusubiri matangazo ya mazishi.

*

Nduta alifika nyumbani Jumatano akiwa na sanduku jeusi alilolipakata kama mtoto mchanga. Macho yake yalikuwa mekundu. Mkuu wake wa idara alimpa sanduku hilo kwa siku mbili tu, na akamwambia wazi kwamba barua ya kamati ikifika kabla ya yeye kuleta jibu, asijisumbue kurudi na koti la maabara.

Magdaline, mama yake, alimwekea uji mbele. Hakuwa mama wa kupapasa maneno. "Sasa hii ndiyo itaona shida iko wapi?"

"Ndiyo, mama. Antena inatoa umeme hewani, lakini hauonekani. Hii inauchorea ramani." Nduta akafungua sanduku, akatoa uzi mwembamba wa kioo. "Angalia hapa kwa ncha. Kuna kipande ya fuwele, ndogo kuliko punje ya mchele. Mwanga wa leza unapitia huu uzi, unafika kwa hiyo punje, unarudi. Mahali umeme ni mwingi, mwanga unarudi umebadilika. Napima hapa, napima hapa, napima hapa, hadi nimalize uso wote wa antena. Kompyuta inaweka rangi. Nyekundu ni mahali pana nguvu, buluu ni mahali hakuna kitu."

"Na si ungetumia tu waya? Shida yote hii ya vioo."

"Waya ni chuma, mama. Chuma ukiiweka mbele ya antena inavuruga kila kitu. Unakuwa unapima vurugu yako mwenyewe. Hakuna adui wa antena kama chuma mbele ya uso wake."

Ngatia, aliyekuwa amekaa kando akipuliza chai, alipaliwa. Alikohoa hadi machozi yakamtoka, Magdaline akaja kumpiga mgongoni.

"Nini, baba Nduta?"

"Hakuna. Ni majani."

Si majani. Nduta hakuwa ameliona lile bamba. Siku ya uzinduzi, yeye aliyeibuni antena alitumwa jikoni mwa zahanati kukaanga mandazi ya wageni, kwa kuwa akina mama walikuwa wachache, na wageni walipochelewa kwa saa nne akapanda gari la kurudi kazini bamba likiwa bado chini, limefunikwa pazia. Hakujua kwamba watu wa Mheshimiwa walitaka bamba na antena vionekane katika picha moja. Hakujua kwamba baba yake mwenyewe alipanda ngazi na spana, akautazama ule uso wa antena, mweupe, bapa, mtupu, ukitazama bonde lote, akajiambia: kibao kitupu ni cha nini kama si cha kuandikwa? Bamba lilienea pale utadhani vilizaliwa pamoja. Ngatia aliteremka akiwa na furaha ambayo hakuwa nayo hata siku ya harusi yake.

*

Asubuhi ya Alhamisi Nduta alisimama chini ya mlingoti, akainua uso.

"Baba, nani aliweka hii kitu hapa?"

"Ni kamati," akasema Ngatia, akitazama ng'ombe wa mtu.

Nduta hakuuliza tena. Angeweza kusema pale pale, lakini alijua Kiandemi: neno la msichana mbele ya jina la Mheshimiwa ni kelele tu, wangetaka kuona. Akapanda ngazi. Kati ya bamba na antena palikuwa na nafasi ya vidole viwili, mahali ambapo kifaa kingine chochote kisingepenya, akaipitisha ile punje ya fuwele taratibu, kushoto kulia, kushoto kulia, huku kompyuta ikijaza rangi. Alipima ndani ya bamba, kisha nje yake. Phyllis alikuja kutazama, akaona ni kazi ya kushona, akarudi kwa wagonjwa wake.

Alipoteremka alimwonyesha baba yake peke yake, nyuma ya tangi la maji. Nje ya bamba picha ilikuwa buluu tupu. Ndani, paliwaka mistari miwili myekundu, mmoja juu na mmoja chini, na katikati buluu iliyopooza.

"Antena ni nzima, baba. Umeme unatoka kwa kingo zake mbili, huu wa juu na huu wa chini. Unagonga bamba, unarudi. Ni kama mtu anaimba na umemziba mdomo."

Ngatia aliitazama picha. Hakuwa mjinga, na hilo ndilo lililomuuma. Angekuwa mjinga angebisha. Mstari wa juu ulikuwa nyuma ya jina la Mheshimiwa. Mstari wa chini ulikuwa nyuma ya jina lake, sawasawa, utadhani mtu aliupigia rula.

"Maitu," akasema. Nduta alikuwa na jina la bibi yake, kwa hiyo kwa desturi alikuwa mama wa baba yake, na Ngatia alimwita hivyo akiwa na shida. "Maitu, na tukisema ni ukungu?"

"Ukungu?"

"Useme ni ukungu ya mwezi wa saba. Mwezi ikiisha, tutaona."

"Baba, leo jioni wanaandika barua. Wakiandika ni bovu, mimi nimeisha. Hakuna maabara ingine itanichukua." Akafunga kompyuta. "Sema tu wewe ni nini unataka."

Ngatia aligeukia tangi, akaanza kukaza bomba lisilovuja. Alikuwa na aibu, na aibu ya mzee mbele ya mtoto wake haina pa kujifichia.

Nyumbani, Magdaline alikuwa ameshaambiwa. Alimwekea mumewe githeri bila kijiko.

"Kijiko iko wapi?"

"Si uko na bamba," akajibu Magdaline. "Kula na hiyo."

*

Kamati ilikaa kwenye benchi za zahanati. Chifu mstaafu Hezekiah aliomba, akamshukuru Mungu kwa ajili ya Mheshimiwa, akasahau kumshukuru kwa ajili ya netiwaki. Nduta akaweka kompyuta juu ya meza ya kupimia watoto, akaeleza. Alieleza vizuri, bila maringo, hata mzee Gatimu, aliyekuja kwa ajili ya chai, akaelewa.

Kisha Hezekiah akaiinamia picha. "Hapa juu, kwa Mheshimiwa, ni nyekundu. Hiyo ni kusema ako na nguvu, sindiyo?"

"Ni kusema amezuia nguvu, chifu."

"Lakini ni yake."

"Wacheni hiyo," akaingilia mweka hazina, mama mmoja aitwaye Beth, aliyekuwa na haraka ya kwenda kukamua. "Tufungue bamba tuliweke kwa ukuta. Kwani shida ni nini?"

Wanaume watano walimtazama kana kwamba amependekeza wamfukue marehemu.

"Beth," akasema Hezekiah kwa upole, "bamba lililozinduliwa ni kama mtoto amebatizwa. Huwezi kurudisha maji kwa ndoo. Mheshimiwa alisema atakuja tena na mambo ya barabara. Akikuta jina lake limetolewa, hiyo barabara itaenda wapi? Itaenda kwa wale wa ng'ambo, walioweka bamba lake vizuri."

Hilo lilimnyamazisha hata Beth, kwa maana barabara ya Kiandemi wakati wa mvua ni mateso.

Wakaanza kutafuta njia ya kati, na njia za kati wanazijua watu wa milimani. Gatimu akauliza kama umeme hauwezi kufundishwa kupita pembeni. Mwingine akapendekeza watoboe katikati ya herufi O, maana Mheshimiwa alikuwa na O tatu. Nduta akasema tundu dogo halisaidii. Inatakiwa nafasi ndefu ya kulala, urefu wa kalamu mpya, tena mahali penye mstari mwekundu. Wakauliza kama Zaburi inaweza kukatwa, Mungu ataelewa. Nduta akasema katikati hakuna nguvu. Mtu akauliza kwa sauti ya chini kama majina ya wanakamati nayo yako katikati. Nduta akasema ndiyo. Wanakamati wakapumua.

"Kwa hivyo," akasema Beth, akihesabu kwa vidole, "ni kukata Mheshimiwa ama ni kukata..." Hakumaliza. Wote wakageuka.

Ngatia alikuwa ameketi kwenye kiti cha mwenyekiti, cha pekee chenye mto. Alikuwa akiangalia viatu vyake.

Wamae aliona nafasi, akaingilia. "Wazee, mbona tunasumbua mwenyekiti wetu? Mzee amefanya kazi. Jina lake litoboke kama sufuria kwa sababu ya makosa ya mitambo? Hapana. Tuandike barua kwa chuo, tuseme antena ni bovu. Mheshimiwa abaki, mwenyekiti abaki, Zaburi ibaki. Nduta ni kijana, atapata kazi ingine. Mkwe wangu analeta antena mpya, tunaiweka nyuma ya choo, hakuna mtu atajua."

Na ubaya wa maneno ya Wamae ni kwamba yalikuwa matamu. Kila mtu pale alikuwa anabaki na kitu chake, isipokuwa msichana mmoja aliyesimama kando ya mizani ya watoto akifunga uzi wake wa kioo taratibu. Vichwa vikaanza kukubali, kimoja kimoja. Hezekiah akafungua kalamu. "Mwenyekiti, unasema aje? Wewe ndiye unaweka sahihi."

Ngatia alisimama.

"Ni mimi niliweka," akasema.

"Uliweka nini?"

"Bamba. Si kamati. Ni mimi na spana yangu. Nilitaka watu wa barabarani wasome." Akavua kofia. "Mama yangu alizika watoto watatu kwa hii kijiji kwa sababu gari halikuitwa, na mimi nimefunga netiwaki nikitaka watu wasome Ngatia. Huyu mtoto alitengeneza kitu kizuri, tukamtuma mandazi. Hiyo barua siweki sahihi, hata mnitoe leo. Kateni jina yangu."

"Lote?" akauliza Gatimu.

"Ngatia lote, na Wahome. Muache neno mwenyekiti kama linawasaidia."

"Halisaidii," akasema Nduta, akilia sasa waziwazi. "Nayo iko kwa njia, baba."

"Basi nalo likatwe! Nani ako na mashine ya kukata?"

*

Walileta mashine ya fundi wa mageti. Cheche ziliruka, mbwa wakabweka, na kipande cha chuma chenye herufi kikaanguka kwenye majani. Nduta alikuwa ameuchora mstari kwa chaki, wa kulala, hapo hapo pekundu. Hawakuwa wamemaliza kulainisha kingo simu ya Phyllis ilipoita ndani ya zahanati, kisha ya Beth, kisha ya Hezekiah mfukoni. Netiwaki haikuwa kama ile ya kwanza, maana nusu ya nguvu ilikuwa bado imekwama nyuma ya Mheshimiwa. Lakini ilitosha. Wiki hiyo hiyo Phyllis aliita gari la wagonjwa akiwa ameushika mkono wa mgonjwa wake, na mtoto akazaliwa hospitalini Nyeri badala ya njiani. Nduta alirudi chuoni na ramani zake, ya kabla na ya baada, na koti lake la maabara halikuguswa.

Picha ya kwanza kabisa kutumwa kutoka Kiandemi ilitumwa na Wamae. Ilikuwa ya bamba lenye tundu, na maneno: *Angalieni vile mwenyekiti ameharibu kazi ya Mheshimiwa.*

Ikasafiri haraka sana. Baada ya muda mfupi likaja gari jeupe, akashuka kijana wa ofisi ya Mheshimiwa mwenye viatu vilivyochongoka, na nyuma ya gari bamba jipya. Lilikuwa kubwa maradufu. Jina la Ngatia lilikuwa mstari wa pili, chini tu ya Mheshimiwa, lenye rangi ya dhahabu, tena wameongeza MZEE mbele.

"Mheshimiwa amesikitika sana," kijana akasema. "Amesema mzee kama wewe hawezi kuwa tundu. Tufunge sasa hivi, nipige picha nimtumie, anangoja."

Ngatia alisoma jina lake mara mbili. Tuseme ukweli: moyo ulimruka. Akalipapasa kwa kidole gumba kuona kama dhahabu inatoka. Haikutoka.

"Lishike hapo mbele kwanza, tuone kama linatosha," akamwambia dereva wa gari.

Dereva akapanda ngazi akalishika. Kijana akapiga picha, safi, mlima nyuma, Ngatia kando na kofia mkononi. Akabonyeza kutuma. Akangoja. Akainua simu juu, akazunguka, akasogea kwenye nyasi kwa viatu vyake vile.

"Mbona haiendi?"

"Ni hilo bamba," akasema Ngatia.

"Mheshimiwa anangoja, mzee!"

"Basi."

Kijana alitazama bamba, akatazama simu. "Wewe, teremsha hiyo kitu kidogo!" akampigia dereva kelele. Dereva akateremsha. Picha ikaenda. Jibu likarudi papo hapo: kidole gumba kimoja, cha njano. Kijana akashusha pumzi, akapangusa viatu, akaingia garini. Alichokuja kutafuta alikuwa amekipata, na gari likaondoka, bamba likabaki limelala kwenye majani.

Jioni Nduta alipiga simu nyumbani. Habari alishazisikia, maana sasa Kiandemi hakuna siri.

"Baba, wamekuletea ingine? Kubwa? Na umeiweka wapi?"

"Kwa kuku."

"Kwa kuku aje?"

"Ile nyumba ya kuku ilikuwa inavuja, na mama yako amenipigia kelele tangu Krismasi. Bamba limetosha kabisa, hata limezidi. Nimeweka maandishi yakiangalia juu."

"Pole, baba. Lilikuwa jina zuri."

"Ni zuri bado," akasema Ngatia. Kisha akacheka, kicheko cha mtu ambaye kidonda chake bado kibichi. "Lakini ongea, maitu, ongea. Nakusikia vizuri."